Kasa wa Nungwi

Ndugu msomaji wa Tingi, ukifika Unguja, nenda hadi Nungwi, kaskazini kabisa. Karibu na mnara wa taa kuna dimbwi kati ya mawe. Maji ya bahari huingia humo yakijaa, hutoka yakipwa. Tangu mwaka 1993 wanakijiji hutunza humo kasa, yaani kobe wa baharini.

Kasa huvuta hewa kama sisi. Akinaswa na wavu chini ya maji, hufa. Mvuvi akimkuta hai humpeleka dimbwini. Akipata nguvu hurudishwa baharini.

Zamani kasa alikuwa kitoweo. Mvuvi anayemwokoa anaacha nyama nyingi, na pengine wavu wake umechanika. Wewe unayevua Ziwa Nyasa unajua bei ya wavu! Lakini nyama ya kasa huweza kuwa na sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mwanamke 1 walikufa baada ya kuila.

Pale dimbwini wageni hulipa kiingilio. Utapewa majani ya baharini, yaitwayo mwani, umlishe kasa. Usimpande mgongoni. Atakuja mwenyewe, atatoa kichwa, atavuta hewa, ndipo ale.