Kudai Fidia si Kukataa Kadari

Liko neno jema ambalo watu wamelifanya pazia la dhuluma. Mtu akiumia kazini huambiwa, "Ni kudra ya Mwenyezi Mungu, subiri." Neno ni la kweli, lakini tazama nani alisemaye. Asemapo mamake mgonjwa ni liwazo. Asemapo tajiri wake, huenda anatafuta njia ya kutolipa.

Kijana mmoja niliyemsomesha alikuwa kibarua katika bohari hapa Mombasa. Magunia yalimporomokea yakamvunja mkono wa kulia. Siku ya tatu nyapara akamjia hospitali na shilingi elfu kumi, pamoja na karatasi ya kutia kidole kwamba amesamehe yote. Nilipokwenda kumzuru akaniuliza kwa unyonge, "Maalim, nikidai, si nitakuwa sikuridhia kadari?"

Nikamwambia: Mwanangu, kadari ni kuvunjika mkono, na hapo ndipo pa kusubiri. Fidia ni deni lililo juu ya mtu, na subira haifuti deni. Kusamehe ni jambo tukufu, walakin husamehe mtu aijuaye haki yake na kiasi chake. Wewe hata daktari hajasema mkono utapona au hautapona! Tena ndani ya haki hiyo mna chakula cha wanao.

Karatasi ilirudi haina alama.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika madeni na kuyashuhudisha. Basi mwenye kuumia na afanye vivyo hivyo. Akishapata matibabu, siku ile ile ziandikwe tarehe, saa, mahali, na majina ya walioona. Tajiri aarifiwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini yakubali hata taarifa ya mdomo, lakini la mdomo hukanwa, kwa hiyo andika na ubaki na nakala. Karatasi za hospitali zisitupwe.

Tajiri naye, akishapata habari, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akinyamaza, nenda mwenyewe ofisini kwao, au mtume nduguyo. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali; wengi wamepotewa hapa, wakingojea ahadi za "njoo kesho". Gharama za matibabu ni juu ya mwajiri. Aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena, fidia yake hupimwa kwa mishahara ya miezi 96. Aliyelemaa kiasi hupata kwa kadiri ya ulemavu wake. Wala usidanganywe kwamba kibarua asiye na mkataba wa maandishi hana chake. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba.

Yuko na yule afungaye bendeji mguu mzima. Huyo ala haramu, na huwafanya waliovunjika kweli wasisadikiwe.

Nasi tuwazuruo wagonjwa tuna desturi ya kuchukua machungwa na kuomba dua. Ni vyema. Lakini ukienda kwa aliyeumia kazini, tia na kalamu na daftari mfukoni, umwandikie anayoyakumbuka kabla hayajamtoka. Huenda mkono wake ndio uliofungwa.