Digrii 82

Mshale wa joto ulianza kupanda tukiacha daraja la Nithi. Nilikuwa nimekaa mbele na Baba, na nyuma tumejaza ndizi za kupeleka Embu. Kama umewahi kutoka Meru kuelekea Embu unaijua hiyo sehemu: unateremka, unakunja kona, unavuka mto, halafu unaanza kupanda kuelekea Chuka. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafa. Si mahali pa kusimamisha gari ovyo. Baba alizima redio, kama vile redio ndiyo ilikuwa inachemsha injini, akaenda mdogo mdogo mpaka tukapata pa kuegesha.

Hatukuongea. Hatukuwa tumeongea vizuri kwa miezi minane.

Acha niseme tu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kozi ya uhandisi wa mitambo. Kuacha si ndio shida. Shida ni kwamba niliacha Januari na nikamwambia Baba Juni. Muhula mzima hiyo Probox ilikuwa inapanda na kushuka hii barabara ikitafuta karo, na mimi niko bedsita Nairobi naandikia watu makala za intaneti. Karo ilikuja. Niliila.

Tulifika Embu baada ya kupumzisha gari mara nne. Fundi alifungua boneti, akaangalia kwa dakika moja hivi, akasema, "Mzee, hii ni gasketi ya hedi. Nipe 18,000 na jioni unarudi nayo nyumbani." Mwenzake aliyekuwa chini ya lori akadakia, "Toa tu thamostati! Hii ni Afrika, baridi iko wapi?"

Hiyo ya pili utaisikia gereji nyingi za jua kali. Thamostati ni kidude kidogo kinachotosha kiganjani. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia ya maji kwenda kwenye redieta ili injini ipate joto haraka. Joto likifika, nta inapanuka, inasukuma pini, mlango unafunguka. Kikikwama kikiwa kimefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu na gari linachemsha. Ukikitoa kabisa, kweli mara nyingi halichemshi. Lakini injini inachelewa kupata joto, petroli inaisha mbio, na vyuma vinasagika polepole usione. Na yeyote anayesema huku hakuna baridi hajawahi kuwasha gari Nkubu saa kumi na moja asubuhi mwezi wa saba.

Baba alikuwa ameanza kukubali hiyo ya kutoa. Ilikuwa karibu bure.

"Baba, ngoja kwanza," nikasema.

Aliniangalia vile unaangalia mtu aliyekukopa akitaka tena. Lakini alingoja.

Kwanza nilichomoa kijiti cha oili. Gasketi ya hedi ikiungua, mara nyingi maji huingia kwenye oili na inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi, safi. Moshi wa eksosi haukuwa mweupe. Tukaacha injini ipate joto, nikagusa mipira ya redieta kwa uangalifu. Wa juu ulikuwa moto wa kuchoma. Wa chini, baridi. Mshale unapanda na mpira wa chini ni baridi: maji hayapiti. Hapo nikaanza kushuku mlango.

Kushuku si kujua. Nilienda duka la vipuri nikanunua thamostati mpya kwa shilingi 1,500, pesa ya makala mbili. Gari lilipopoa kabisa, na si kabla, maana kifuniko cha redieta ukikifungua moto maji yanakurukia usoni, tukamwaga maji na fundi akafungua nati akatoa ile ya zamani.

Mama wa chai hapo kando alinipa nafasi kwenye jiko lake, lakini sufuria akakataa, na alikuwa na haki. Kulanti ni sumu. Nikatafuta kopo kuukuu, nikajaza maji, nikazining'iniza zote mbili kwa uzi zisiguse chini. Zote zilikuwa zimepigwa muhuri wa 82, yaani digrii ambazo mlango unaanza kufunguka. Embu iko juu kiasi kwamba maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Bado inatosha. Maji yakitokota, nzima lazima iwe wazi.

Mafundi wakasogea. Baba akasogea pia, mikono nyuma. Nilikuwa natetemeka, na si kwa ajili ya gari.

Mpya ilianza kufunguka hata maji hayajatokota. Ya zamani ilikaa vile vile. Maji yakachemka sawasawa, mpya iko wazi kama mdomo wa samaki, na ya zamani imeachia upenyo wa ukucha tu.

"Eeh," fundi akasema. Akacheka, akachukua spana, akaifunga mpya na raba yake mpya. Akatulipisha 1,000 ya kazi. Tukajaza kulanti na maji nusu kwa nusu, tukawasha kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu ya hewa yakaisha, ndipo tukafunga.

Tulirudi jioni. Runyenjes, mshale katikati. Chuka, katikati. Kupanda kutoka Nithi, nilikuwa nauangalia huo mshale kuliko barabara. Haukusonga.

Baada ya Igoji Baba akasema, bila kunigeukia, "Na kama zote mbili zingefunguka?"

"Ningekuambia nimekosea. Tungelipa ile 18,000."

"Ungeniambia."

"Ndio, Baba."

Alikaa kimya mpaka taa za Nkubu zikaonekana.

"Saa hiyo hiyo?" akauliza.

"Saa hiyo hiyo."

Akawasha redio.