Nakili Kwanza, Sahihisha Baadaye

Hakuna mwalimu wa Kiswahili ambaye hajawahi kuwapa wanafunzi wake methali hizi mbili ziwe vichwa vya insha: "Haraka haraka haina baraka" na "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Nimezifundisha miaka mingi hapa Gitega, na aghalabu wanafunzi huniuliza ni ipi iliyo ya kweli. Zamani nilikuwa nikiwajibu kwa mzaha. Siku hizi sifanyi mzaha, kwani methali zote mbili zimenipata katika kazi moja, nayo ni kunakili daftari la kuhesabia watu.

Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa karani katika mtaa wa Waswahili wa mji huu, ambao wakati wa Wabelgiji uliitwa Kitega. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1912, na pamoja nao walikuja askari, wapagazi na wachuuzi kutoka Tabora, Ujiji na Umanyema. Wabelgiji waliitwaa nchi mwaka 1916, na makarani waliendelea kuandika watu kwa ajili ya kodi. Daftari la babu ni la mwaka 1954. Lina kurasa 46, na kila ukurasa umepigwa mistari kwa mkono: nyumba, jina, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, kazi. Leo limo mikononi mwa mjomba wangu huko Muyinga, ambaye umri wake umekaribia miaka themanini na macho yake yamefifia.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini kuhangaikia daftari la mtaa mmoja, hali serikali imehesabu watu mara nyingi? Ni kweli kwamba Burundi ilifanya sensa yake kuu ya kwanza mwaka 1979, ikapata watu zaidi ya milioni 4. Zikafuata za mwaka 1990, 2008 na 2024. Lakini sensa humpa mtafiti idadi, haimpi majina. Karatasi za kaya hulindwa kwa siri ya takwimu, na haifai kuwa vinginevyo. Kwa hiyo anayetafuta ukoo wake hana budi kutegemea vitabu vya ubatizo, vitambulisho vya wazee, na madaftari kama haya yaliyosalimika masandukuni.

Kwetu kazi hii ni ngumu kuliko kwingine. Katika desturi ya Kirundi, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawashiriki jina la ukoo. Huyu ni Ndayishimiye, yule ni Niyonkuru, na mapacha ni Bukuru na Butoyi. Jina peke yake halikuonyeshi undugu. Waislamu wa mtaani walikuwa na "bin" na "binti", ambayo humfunga mtoto kwa baba yake. Walakini makarani walisomea shule za Wabelgiji, nao waliyaandika majina hayo kwa masikio ya Kifaransa. Juma akawa "Djuma", Shabani akawa "Chabani", Hamisi akapoteza "h" yake akawa "Amissi". Mahali pa mwaka wa kuzaliwa mara nyingi pana neno "vers", yaani yapata.

Mwaka 2022, wakati wa likizo ndefu, mjomba aliniazima daftari kwa majuma mawili. Nililileta Gitega nikaanza kazi kwa ari ya mwalimu. Kila nilipokutana na "Djuma" niliandika Juma. Kila "Amissi" nikamfanya Hamisi. Nilisimama kwenye kila jina, nikalipima, nikalisanifisha, kisha nikasonga mbele. Nilipata kurasa mbili kwa siku, hata nikalazimika kukesha siku za mwisho. Katika ukurasa wa 31 nilikuta msichana ambaye niliona nimekwisha kumwandika katika ukurasa wa 9. Baba yao jina moja, mwaka wa kuzaliwa mmoja, na majina yao yalitofautiana kwa irabu tu, mithili ya Zaina na Zena. (Majina yenyewe sitayataja, kwa heshima ya wenyewe.) Nikasema moyoni, karani amerudia. Nikamfuta wa pili. Nakala yangu ikawa safi, nikaipiga chapa, nikalirudisha daftari Muyinga.

Mwaka uliofuata alifika shuleni kwetu mwanamke wa makamo kutoka Ngara, Tanzania. Alikuwa ameelekezwa kwangu kuwa nina orodha ya wazee wa mtaa. Bibi yake, aliniambia, alizaliwa Kitega, akaolewa na mchuuzi, akavuka mpaka asirudi tena. Alitaja jina la bibi na jina la baba yake. Nilifungua nakala yangu mbele yake, nikapitisha kidole kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. "Dada yangu," nikamwambia, "jina hilo halimo." Alinishukuru, akaniachia namba yake ya simu, akapanda gari kurudi Kobero. Njia hiyo hupita Muyinga, nyumbani kwa mjomba. Alipita hapo wakati wa kuja na wakati wa kurudi.

Miezi michache baadaye nilikwenda kumtazama mjomba kwa njia ya Karuzi. Kwa kuwa hawezi tena kusoma, aliniomba nimsomee nakala yangu. Alisikiliza kwa utulivu, akiongeza habari hapa na pale: huyu alikuwa fundi cherehani, huyu alihamia Bujumbura. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mpwa wangu, umeandika vizuri sana. Lakini shangazi yangu mmoja umemzika."

Hapo ndipo nilipoelezwa. Mzee wao alikuwa na wake wawili katika nyumba mbili. Kila mke alimpa binti yake jina la mama wa mume, na watu wakawatofautisha kwa namna ya kulitamka. Babu yangu, ambaye wasichana hao walikuwa dada zake, aliijua tofauti hiyo akaihifadhi kwa irabu moja. Mimi, mwenye stashahada ya ualimu, nilidhani ni kosa la tahajia.

Usiku ule nilianza upya, na safari hii kwa utaratibu ambao napenda kuwashirikisha walimu wenzangu. Nilichora safu nne: namba ya ukurasa na mstari, jina kama lilivyoandikwa, jina kwa tahajia sanifu, maelezo. Mzunguko wa kwanza hujaza safu mbili za mwanzo tu, na kusahihisha ni marufuku. Mtoto wa mjomba alinisomea herufi kwa herufi, nami nikaandika bila kuinua macho. Si kitu kingine ila imla tunayowapa wanafunzi. Herufi isiyosomeka tuliiwekea alama ya kuuliza tukaendelea. Maneno yanayojirudia, kama vile mchuuzi na fundi, tuliyapa herufi moja moja, na ufunguo wake tukauandika ukurasa wa mbele. Mwisho wa kila ukurasa tulihesabu mistari ya daftari na mistari yetu, na isipolingana hatukufungua ukurasa mwingine. Kwa njia hiyo tulipata kurasa sita kwa siku, tukamaliza siku ya nane. Safu ya tatu niliijaza baadaye, nikiwa nimetulia. Ya nne ni ya mjomba: nasoma, yeye anasema, naandika.

Nilijifunza kwamba kilichonichelewesha mara ya kwanza ndicho kilichonikosesha, nacho ni kalamu nyekundu. Kunakili ni kazi moja, na kusahihisha ni kazi nyingine. Ukizichanganya, huipati hata moja.

Nilimpigia simu yule dada wa Ngara nikamwomba radhi. Alikuja Muyinga na binti yake. Mjomba alimtaka alitamke jina la bibi yake, naye akalitamka kwa irabu ileile ya ukurasa wa 31. Mjomba akamwambia, "Karibu kwenu," kisha akaanza kumuuliza habari za kaburi.

Safu ya nne bado ina mapengo, na mjomba huchoka upesi kuliko mwaka jana. Likizo hii nitakwenda tena. Kama nawe, mwalimu mwenzangu, una mzee mwenye daftari sandukuni, usingoje likizo ya mwakani. Chukua kalamu ya kawaida, mtafute kijana wa kukusomea, uandike ulichokiona.