Neno moja la barua

Kwa miaka mitatu mzee mwenye mashine ya kusaga mahindi, pale kwetu Katuba, alitununulia jezi na mipira. Mwaka 2024 ukame ukapiga Zambia, mahindi yakawa adimu Lubumbashi, naye akatuandikia barua. Kwa kuwa nasoma lugha, kocha alinipa niwasomee wenzangu kwa Kiswahili. Barua ilisema «mettre fin». Mimi nikasema: anasimamisha. Golikipa wetu, mdogo kuliko wote, akauliza:

«Mpaka lini, yaya?»

«Mvua ikinyesha Zambia.»

Mzee alikuwa amekaa nyuma, kofia magotini. Kifaransa anakijua kunishinda. Hakunisahihisha.

Sasa golikipa anafua jezi yake polepole, isichakae kabla ya mvua.