Ramani ya bure na mji usiokuwepo

UKIMWULIZA mtu wa Nairobi njia ya kwenda kwake, hatakuchorea ramani. Atakwambia ushuke Drive-In, uvuke barabara, umpite fundi wa viatu, kisha uulize. Na ukishuka hapo Drive-In, kwenye Barabara ya Thika, usihangaike kutafuta sinema. Ile sinema ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari ilifungwa zamani. Lililobaki ni jina tu midomoni mwa makanga.

Nililikumbuka jambo hilo Oktoba iliyopita nikiwa mbali sana na Barabara ya Thika. Nilikuwa nimesimama kwenye njia panda ya mashambani, jimbo la New York, Marekani, nikitafuta mji uliopata jina kabla ya kupata hata nyumba moja.

Safari yenyewe ilianzia sebuleni. Nilikuwa nimemtembelea binamu yangu anayeishi East Orange, katika jimbo la New Jersey. Jirani yake, mzee mmoja Mmarekani mweusi aliyestaafu, alisikia kuwa mimi ni mwandishi wa gazeti, akaniita nikaone vikaratasi vyake. Vikaratasi! Mzee huyo alikuwa na maboksi sita ya viatu yaliyojaa ramani za barabara, zile zilizokuwa zikitolewa bure kwenye vituo vya petroli vya Marekani.

Msomaji kijana huenda akashangaa: bure? Naam, bure kabisa. Mwenye gari alisimama kujaza petroli, mhudumu akampangusia kioo na kumpimia upepo wa magurudumu, na akiomba ramani alipewa bila ya kutoa hata senti. Mtindo huo ulianzia Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Mnamo Desemba 1913 kampuni ya Gulf ilifungua kituo cha petroli mjini humo, na mwaka uliofuata mtu wa matangazo, William Akin, akatoa wazo kwamba wenye magari wapewe ramani za eneo lao. Hesabu ilikuwa rahisi. Mtu akiijua njia ataenda mbali, na akienda mbali atachoma petroli.

Kampuni nyingine hazikukawia kuiga, japo hazikuchora ramani zenyewe. Kazi hiyo ilishikwa hasa na wachoraji watatu: Rand McNally na H.M. Gousha, waliotokea Chicago, na General Drafting, kampuni ya Otto Lindberg, mhamiaji kutoka Finland, iliyochora ramani za Esso. Aghalabu mchoraji mmoja aliwauzia wateja kadhaa, kwa hivyo unaweza kukuta ramani mbili zenye nembo tofauti nje, na ndani barabara ni zile zile. Zilichapishwa kwa mabilioni hadi msukosuko wa mafuta wa 1973 ulipozifanya kampuni kubana matumizi. Siku hizi makavazi ya wachoraji hao yamehifadhiwa katika maktaba ya Newberry, Chicago, na wakusanyaji kama yule mzee huzisaka kwenye minada ya vitu vikuukuu.

Mzee alinifundisha kuzisoma. Nyingi hazina mwaka, kwa hivyo mkusanyaji hutafuta dalili. Barabara kuu mpya, zile zilizoanza kujengwa baada ya sheria ya 1956, zikiwa zimechorwa kwa vipande-vipande, basi zilikuwa bado kumalizika. Idadi ya watu iliyoandikwa mkabala na kila mji nayo itakuonyesha ni sensa gani iliyotumiwa. Hata nambari za barabara zina mpango wake tangu 1926: zisizogawika kwa mbili huenda kaskazini na kusini, na zinazogawika huenda mashariki na magharibi. Somo lililonishinda ni kuzikunja. Zikishafunguliwa hazirudi zilivyokuwa, na mzee alinitazama nikipambana nayo moja hadi akanionea huruma na kuninyang'anya.

Kisha akaweka kidole juu ya ramani ya Esso ya jimbo la New York, mahali palipoandikwa Agloe.

Wachoraji wa ramani, akaeleza, waliogopa kuibiwa. Mtu anaweza kutumia miaka akipima barabara, na mwingine akanakili kazi yake kwa siku moja. Basi katika miaka ya 1930 Lindberg na msaidizi wake, Ernest Alpers, walichanganya herufi za kwanza za majina yao, O.G.L. na E.A., wakapata Agloe. Jina hilo wakalibandika kwenye njia panda ya vumbi katika milima ya Catskill, mahali pasipokuwa na mji wowote. Ulikuwa mtego. Jina hilo likionekana kwenye ramani ya mtu mwingine, mwizi amenaswa.

Baadaye likaonekana, kwenye ramani ya Rand McNally. Esso wakatishia kwenda mahakamani. Lakini Rand McNally hawakuwa wameiba chochote. Jina walilipata kutoka kwa maafisa wa wilaya. Kumbe katika miaka ya 1950 mtu alikuwa amejenga duka kwenye njia panda ile, na kwa kuwa ramani ya Esso ilipaita Agloe, akaliita Duka la Agloe. Uwongo wa mchoraji ulikuwa umeota mlango na kaunta.

Binamu hakuamini. Jumamosi asubuhi tukashika barabara nambari 17, mwendo wa zaidi ya saa mbili hadi Roscoe, kijiji cha wavuvi wa trauti, samaki wale wale wa mito ya Nyandarua. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka mekundu. Kutoka hapo tulielekea kaskazini, na muda si muda simu ya binamu ikapoteza mtandao, tukabaki na karatasi ya mzee iliyofunika miguu yangu kama leso.

Tulifika. Kuna nyasi, miti na barabara mbili zinazokutana. Duka lilikwisha kufungwa miaka mingi iliyopita. Binamu alizunguka mara mbili kama mtu aliyeibiwa, akarudi garini akilalamikia petroli yake. Mimi nilikaa kidogo. Niliwaza jinsi mtu mzima alivyokiamini kikaratasi cha bure hata akakijengea duka.

Jioni hiyo nilirudisha ramani, na mzee akanifungulia boksi la sita, ambalo hakuwa amenionyesha. Hizo zilikuwa za marehemu babake. Kila kiangazi, katika miaka ya 1950, familia yao iliendesha gari kwenda kumwona nyanya South Carolina, kwa barabara nambari 301. Ramani ilionyesha barabara vizuri sana. Haikuonyesha ni hoteli gani ingemfukuza mtu mweusi, wala ni kituo gani kingemuuzia petroli kisha kimnyime mtoto wake choo.

Kwa mambo hayo palikuwa na kitabu kingine. Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyeishi Harlem, alianza kukitoa mwaka 1936, kikiorodhesha hoteli, mikahawa, vinyozi na magereji yaliyowapokea watu weusi. Esso, kinyume na kampuni nyingi za wakati huo, iliwahudumia wasafiri weusi na kukiuza kitabu hicho katika vituo vyake. Kiliendelea kuchapishwa hadi miaka michache baada ya sheria ya haki za raia ya 1964.

Babake mzee alikuwa na kitabu hicho, lakini alikuwa na penseli pia. Kandokando ya barabara 301, kutoka Maryland hadi South Carolina, alichora viduara vidogo, kimoja kwa kila mahali watoto waliporuhusiwa kuingia chooni. Nilihesabu tisa. Kati ya kimoja na kingine, mzee alisema, mama yao alibeba kopo.

Alizikunja zote, barabara kabisa, akafunika boksi. Kisha akataka kujua kuhusu Agloe. Nikamwambia ni nyasi tu. Akauliza kama karibu na hapo kuna choo.

Nikamwambia kipo, katika kituo cha petroli cha Roscoe, na kwamba niliingia bila kuulizwa lolote. Mzee akapapasa mfukoni, akatoa penseli.