Matundu Sita

Kanda za baba nilizitupa mimi. Zilikuwa 41, zimepangwa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda cha mama, Tanga, kila moja na maandishi yake ya kalamu ya bluu: harusi ya shangazi, maulidi, bibi akisimulia. Mwaka 2019 nilimaliza likizo nzima nikizihamishia kwenye kompyuta, kisha nikaziweka zote kwenye diski moja ya nje, ndogo kama kiganja. Nikamwambia mama boksi sasa halina kazi, linafuga panya tu. Akaniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kompyuta.

Miaka miwili baadaye diski ilianza kugonga ndani. Fundi aliifungua, akanionyesha mkwaruzo mwembamba uliozunguka sahani yake. "Hapa kaka, hakuna kitu." Zilipona kanda 11 tu, zile ambazo dada aliwahi kuniomba nimtumie kwenye simu. Bibi akisimulia haimo. Baba, aliyeirekodi, naye hayupo.

Ndiyo maana nilipoanza kukusanya vifaa vya seva ndogo ya kutunzia mafaili ya nyumbani, sikuwa natafuta mchezo wa kuchezea wikiendi.

Nilidhani kazi ingeanza na diski. Kumbe inaanza na madabodi. Hiyo ndiyo inayoamua diski ngapi zitaingia, kumbukumbu ya aina gani itakubaliwa, umeme kiasi gani utaliwa na kasha litakuwa la ukubwa gani. Chumba changu Sinza kina nafasi moja tu iliyobaki, juu ya friji. Kwa hiyo nilitaka bodi ya Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17.

Zikabaki tatu. Ya kwanza haikuwa hata ndogo: ilitoka kwenye kompyuta ya ofisini, mtumba wa Kariakoo, bei ya kutupa. Niliipima nikakuta inakula wati 60 ikiwa imekaa tu. Hizo ni yuniti 43 za Luku kwa mwezi, na mimi hununua umeme kwa kuvizia mshahara.

Ya pili iliundwa mahsusi kwa seva. Ina matundu manne ya SATA, na inakubali kumbukumbu ya ECC, ile inayogundua tarakimu moja ikigeuka kutoka 0 kuwa 1 na kuirekebisha kabla kosa halijaandikwa kwenye diski. Niliitamani. Mtu aliyewahi kupoteza kitu hutamani kulindwa hata dhidi ya tarakimu moja. Lakini bei yake ilimaliza akiba yangu yote.

Ya tatu ilikuja na prosesa ya Intel N100 iliyolehemiwa humo humo. Prosesa ikifa, bodi nzima ni takataka. ECC haikubali. Ila pamoja na diski mbili haikuvuka wati 25, na ilikuwa na matundu sita.

Matundu hayo niliyahesabu mara nyingi kuliko inavyostahili. Ukiwa na mawili, diski zikabeba kitu kilekile, moja ikifa nyingine inabaki. Ukiwa na manne au zaidi, unaweza kupanga hata mbili zife na usipoteze neno. Kumbe nilikuwa nahesabu misiba ninayoweza kuimudu.

Wiki ile nilimpigia mama, nikamweleza ya ECC na matundu. Alisikiliza kwa subira, kama anavyowasikiliza mafundi wa bomba.

"Sasa mwanangu, hicho kisanduku kikiibiwa?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimepanga jinsi diski mbili zitakavyokufa kwa heshima, nikasahau mwizi, moto, na radi inayopita kwenye waya na kuua vyote vilivyomo ndani ya kasha moja. Kosa langu la 2019 halikuwa diski mbovu. Lilikuwa kuweka kila kitu mahali pamoja na kuita hapo salama. Bodi ya bei ghali ingelirudia kosa lilelile, kwa ustadi zaidi.

Nikachukua ya tatu. Chenji ilitosha kununua diski ya ziada, nikainakilia kanda 11, picha zote na vyeti vya baba, nikapanda nayo basi la Tanga. Kila likizo naipeleka nakala mpya.

Juu ya friji seva inanguruma taratibu. Diski ziko mbili, matundu manne bado matupu. Kanda 30 hazipo, na hakuna bodi ya kuzirudisha.

Safari iliyopita nilimwuliza mama diski ameiweka wapi. Akainama, akavuta boksi la sabuni kutoka chini ya kitanda. Sikusema kitu.