Mkahawa, Mgahawa, Mkataba

Kiswahili kina maneno mengi ya kula pamoja. Tunayo karamu, tunayo hafla, tunayo dhifa, ambayo siku hizi imehamia Ikulu na haijulikani tena vibarazani. Lakini mlo ule ambao watu wawili au watatu hukutana mchana, mjini, ili kuafikiana jambo la kazi, haujapata jina lake. Ukitaka kuutaja huna budi kuufafanua. Neno chamcha, lililobanwa kutoka "chakula cha mchana" kama chajio lilivyobanwa kutoka "chakula cha jioni", limekaa zaidi katika vitabu vya shule kuliko vinywani mwa watu. Na hata hivyo linataja saa ya kula tu, halitaji shughuli. Kitenzi kilicho karibu zaidi na shughuli yenyewe ni kula njama, nacho kina sifa mbaya.

Nimelifikiria jambo hili kwa sababu hivi karibuni nilipewa kazi ya kuchagua mahali pa mlo wa namna hiyo jijini Dar es Salaam. Waliokuwa wakutane ni mshairi mmoja mzee wa Mombasa na mhariri wa kampuni ya uchapishaji ya hapa. Majina yao nayaacha, kwa kuwa mkataba bado haujatiwa saini. Mzee ameandika tungo zake kwa miaka mingi katika madaftari ya shule, kwa Kimvita, na mimi ndiye niliyezipiga chapa kwenye kompyuta. Mhariri alizisoma akazipenda. Aliposikia kwamba mzee anakuja kumtembelea binti yake aliyeolewa Kimara, akaniandikia: "Tule pamoja mchana, tuzungumze. Wewe unatujua sote wawili, chagua mahali."

Kulikuwa na mambo mawili ya kuzungumza. La kwanza lilikuwa mrabaha, na hilo lina njia zake. La pili lilikuwa kifungu kimoja kifupi cha rasimu ya mkataba, kilichompa mchapishaji ruhusa ya kusanifisha lugha ya mashairi pale atakapoona inafaa.

Kwa anayeandika nathari, kifungu hicho ni cha kawaida. Kwa mshairi wa Kimvita ni kisu. Mzee huandika mato, si macho. Nti, si nchi. Moya, si moja. Ukiyabadili maneno haya mizani haitetereki hata kidogo: mato ni mizani mbili, na macho ni mbili. Kinachovunjika ni kina. Ana ubeti ambao utao wake wote unakaa kwenye kina cha -to, wenye moto na kito na zito, na mato ndiyo yanayoufunga. Tia macho hapo, na mshororo wa mwisho unabaki umesimama peke yake kama mtu aliyefika harusini siku ya pili.

Lakini mhariri naye alikuwa na hoja, na sikutaka kuificha. Katika Kimvita, kuteka ni kucheka. Mzee ana shairi la watoto wanaoteka uani wakati wa magharibi, nalo ni katika tungo zake tamu kuliko zote. Msomaji wa Dar es Salaam akikutana na kuteka atafikiri ama maji ya kisimani ama watu waliotekwa na majambazi, na shairi la furaha litageuka habari ya polisi. Kwa hiyo haikuwa kesi ya mwenye haki na mwenye dhuluma. Yalikuwa mazungumzo yaliyohitaji kufanyika kweli, na kila mmoja alihitaji kusema lake mpaka mwisho. (Wapenzi wa historia watakumbuka kwamba mkutano wa 1928 ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa. Mzee hulikumbuka hilo bila kukumbushwa.)

Hapo ndipo mahali pa kulia panapokuwa na uzito. Mzee huyu ana adabu ya kizamani. Akiwa mgeni, akilishwa vizuri na mtu anayemheshimu, hatamkatalia jambo. Atasema "inshallah", atatabasamu, na kifungu kitapita. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi katika mambo madogo. Nilitaka mahali ambapo asingejiona mgeni kupita kiasi, na ambapo mhariri pia asingejiona ameburutwa.

Siku ilikuwa ya kwanza kuamuliwa. Jumatatu na Alhamisi mzee hufunga sunna. Ijumaa haifai: mchana ni wa msikiti, na baada ya sala migahawa yote ya katikati ya jiji hufurika watu wa pilau. Zikabaki Jumanne na Jumatano, tukashika Jumatano. Saa nayo ilijichagua yenyewe. Adhuhuri huadhiniwa baada ya saa sita, kwa hiyo saa saba ingempa muda wa kusali na kutembea taratibu. Mwaliko uliotoka ofisini kwa mhariri ulionyesha 13:00, kwa hesabu ile ya kompyuta inayoanza siku usiku wa manane. Mzee nilimwambia saa saba, kwa hesabu yetu inayoanza na jua.

Kisha nikaanza kuzunguka. Mhariri alikuwa amedokeza hoteli moja ya ufukweni upande wa Masaki. Nilikwenda kuiona. Ni mahali pazuri, upepo wa bahari unaingia, wahudumu wana adabu, na ningefurahi kumpeleka mtu ninayetaka kumshangaza. Lakini sisi hatukutaka kushangazana. Orodha ya vyakula ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, hata kwa samaki waliovuliwa pale mbele. Niliwaza mzee akiiangalia karatasi ile, kisha akimwambia mhariri, "Niagizie wewe, mwanangu." Akishaagiziwa chakula, ataagiziwa na mkataba. Isitoshe, kutoka Kimara hadi Masaki ni mabasi mawili au teksi ya gharama, na teksi hiyo ingelipwa na mwenye mkataba.

Kariakoo nilijua mahali penye wali wa nazi ambao sijaona mfano wake jijini. Sikuchukua dakika kumi kupaondoa katika hesabu. Pale meza ni ya wote. Ukimaliza unasimama, maana nyuma yako yuko mtu anayekutazama kijiko kinavyopungua. Huwezi kubishania kina cha kati mbele ya mtu mwenye njaa. Nao mama lishe, ambao mimi hula kwao siku nyingi za juma (jina lao jingine, mama ntilie, ni sentensi nzima: mama, nitilie), hawana ile risiti ya mashine ambayo mhasibu wa mhariri angeidai.

Nilichokitafuta nilikipata Kisutu. Mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara kwenda Kivukoni yana kituo hapo hapo Kisutu, kwa hiyo mzee angepanda gari moja na kushuka mlangoni, kwa namna ya kusema. Misikiti haiko mbali. Mgahawa wenyewe hauna sura ya kupigwa picha: meza za mbao, feni za dari, sinki mbili za kunawia ukutani, vyakula vya siku vimeandikwa kwa chaki ubaoni. Samaki wa nazi, kuku, biriani, maharage, mchicha, chapati. Ubao ulikuwa wa Kiswahili, nami nikauhesabia hilo alama kubwa.

Nilikwenda Jumatano ya juma lililotangulia, saa saba ile ile, maana mgahawa wa saa nne asubuhi si mgahawa wa saa saba. Nilikaa nikasikiliza. Televisheni iko karibu na mlango na wateja huisogelea. Meza ya pembeni, nyuma ya nguzo, ina utulivu wake. Sikio la kushoto la mzee ni zito, kwa hiyo nikatazama kiti kipi kingemweka mhariri kulia kwake. Juu kuna ukumbi wenye kiyoyozi, lakini ngazi ni za mwinuko, nami nayajua magoti ya mzee. Nikamwomba mwenye mgahawa atuwekee ile meza ya chini. Akaniuliza ni shughuli gani. Nikamwambia ni mambo ya kitabu. "Basi mtakaa sana," akasema, na akaandika jina langu katika daftari lake.

Chakula nacho nilikipangia. Biriani ni tamu, lakini huliwa kwa mkono, na mkono wenye masala haugusi mkataba. Samaki mwenye miiba huwanyamazisha watu. Na mzee ana kisukari, hanywi soda wala sharubati yenye sukari. Nikaamua karatasi zitoke kwanza, pamoja na maji na chai isiyo na sukari, na chakula kije baada ya kifungu kile kujadiliwa. Najua desturi yetu ni kinyume chake: mgeni hula kwanza, akanawa, ndipo akaulizwa lililomleta. Desturi hiyo ni njema kwa mgeni aliyekuja kuomba. Kwa mgeni anayeombwa, mlo unaotangulia ni mzigo, maana atajibu akiwa ameshiba vya mwenzake. Mhariri nilimweleza haya kwa simu bila kuzunguka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekuelewa, kaka. Na mimi sitaki saini ya haya." Kauli hiyo ilinipa matumaini kuliko rasimu nzima ya mkataba.

Jambo la kuchekesha lilitokea siku moja kabla. Nilimwandikia mzee kwamba tutakutana mgahawani Kisutu. Akanipigia simu. "Mkahawa au hoteli?" Kwake yeye mkahawa ni mahali pa kahawa na mahamri na gumzo, na hoteli ndiko kunakoliwa wali. Nikamjibu kwamba huku Dar hoteli ni pa kulala, na mgahawa ni pa kula. "Basi mumeikosea kahawa haki yake," akasema, "mumemuondolea na ka yake." Kisha akacheka, au niseme akateka.

Siku yenyewe sitaieleza yote. Walisalimiana, mhariri akatoa shikamoo, mzee akaitika marahaba na kuuliza watoto. Chai ikaja. Mhariri akasoma kifungu kile kwa sauti, polepole, akiwa upande wa sikio la kulia. Mzee akamwuliza kama angependa mtu amrekebishie lafudhi ya mamake. Mhariri hakujitetea, akatoa karatasi aliyokuwa amenakili lile shairi la watoto, akamwambia jinsi vijana wawili ofisini kwake walivyolielewa. Mmoja alidhani watoto wanachota maji. Mwingine alidhani wametekwa. Mzee aliitazama karatasi kwa muda mrefu sana. Nilimwona mhudumu akikaribia na sahani, nikamwashiria asubiri.

"Nisibadilishiwe," mzee akasema hatimaye. "Lakini nieleweke."

Katika maneno hayo mawili mlikuwa na kifungu kizima, nasi tulichofanya baadaye ni kukiandikia. Lugha ya mashairi haitaguswa. Mwishoni mwa diwani patakuwa na sherehe ya maneno ya Kimvita, itakayotayarishwa nami na kupitishwa na mshairi mwenyewe. Mzee alilipenda neno hilo, sherehe, kwa maana yake ya zamani ya ufafanuzi wa maneno, ambayo wengi wameisahau kwa sababu ya ngoma na keki. Mrabaha haukumalizika, mzee alitaka zaidi, mhariri akasema lazima aulize kwa wakubwa wake, na hakuna aliyeona aibu kuliacha jambo wazi mezani. Ndipo sahani zikaja. Mzee alinawa, akala samaki wa nazi kwa mkono, akasema nazi yao ni nyepesi lakini samaki ni wa leo.

Bili aliilipa mhariri, kwa kuwa yeye ndiye aliyealika, na risiti ya mashine ikatoka. Mzee alimwachia mhudumu bahashishi kutoka mfukoni mwake, kwa siri, akidhani hatukumwona.

Tangu hapo nimekuwa nikiandaa ile sherehe. Nimepita M, na mato yamekwisha kuwekwa mahali pake. Sasa niko kwenye N, na jana usiku mzee amenipigia kunikataza nisieleze nti kwa neno "nchi" peke yake, kwa kuwa katika shairi la nane anasema ni ardhi ile inayokanyagwa na mguu mtupu, wala si ile yenye bendera. Nimemwomba anitungie maelezo hayo mwenyewe. Ameahidi kuyatuma kabla ya Ijumaa.